Msafara wa Kamera Moja

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, baridi ya nyanda za Unyamwezi ikiwa bado imeikalia miembe ya kale, na vumbi la njia likiwa limelazwa na umande, walisimama nje ya mji wa Tabora watu 14, wenye kamera moja, maikrofoni mbili, gari moja la kukodi na masufuria mawili makubwa, wakiwa wameazimia kuurejesha mbele ya macho ya walimwengu msafara wa wapagazi wa mwaka 1872. Nami nilikuwa miongoni mwao. Niliitwa kuusoma mswada na kuyapima maneno yake, watu wa zama za Mtemi Mirambo wasije wakatiwa vinywani maneno yaliyozaliwa juzi Kariakoo. Lakini kaida ya filamu isiyo na fedha ni kwamba hapana mtu mwenye kazi moja, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimekwisha kukabidhiwa posho ya kambi nzima. Niyaandikayo hapa ni yale niliyoyaona kutoka upande huo wa jikoni, upande ambao mtazamaji hauoni kamwe, nami nimesadiki kwamba ndiko filamu inakofia au inakoponea.

Kwanza njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa kilomita zipatazo 800, na Burton na Speke, walipoondoka pwani mwezi wa Juni 1857, hawakuingia Kazeh, maana ndilo jina walilouitia mji huu, ila mwezi wa Novemba. Hapa njia ilipasuka, tawi moja likaenda Ujiji na Manyema, tawi jingine likapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda; hapa wafanyabiashara wa Kiarabu walijenga matembe yao na kukaa miaka; hapa Muhammed bin Juma, babake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Na Wanyamwezi wenyewe, ambao vitabu vingi vimewafanya kuwa mabega tu ya kubebea mali za wengine, walikuwa ndio mabingwa wa safari ile, wakishuka pwani kwa ikhtiari yao na pembe zao wenyewe, na kurudi na marekani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Mwongozaji wetu, kijana aliyezaliwa na kulelewa Tabora, alitaka filamu yake iwahusu hao. Hakumtaka Mzungu anayetafutwa msituni. Alimtaka mpagazi anayengojewa nyumbani.

Mzungu anayetafutwa, kwa hakika, amekwisha kupata filamu yake. Mwaka 1939 Hollywood ilitoa Stanley and Livingstone, na Spencer Tracy ndiye aliyekuwa Stanley. Picha za nyika na za misafara zilichukuliwa Afrika Mashariki na kikosi kilichotumwa huku, hali Tracy mwenyewe amebaki kwao, na wapagazi wakawa ni sehemu ya mandhari, kama miti na vilima. Miaka michache kabla yake, baina ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na mwenziwe Latham, kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la New York, walifanya jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, wakatoa filamu 35. Nia yao ilikuwa nia ya kikoloni, na mimi siisifu. Walakini dhiki yao naijua kama niijuavyo dhiki ya kambi yetu. Kwa kubana gharama walitumia ukanda mwembamba wa milimita 16, na sauti wakaitia katika sahani za santuri ambazo sharti zipigwe sambamba na picha, na sahani ikitangulia au ikichelewa kidogo tu, mtu katika picha amekwisha kufumba kinywa ilhali neno lake ndiyo kwanza linasikika. Takriban miaka 90 imepita, vyombo vimebadilika vyote, na sauti ingali ndiyo inayomfedhehesha mtu mwenye fedha chache.

Waliokuja baada ya Uhuru nao hawakupata njia nyepesi. Serikali iliunda Tanzania Film Company mwaka 1968. Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill wakatoa Arusi ya Mariamu mwaka 1985. Martin Mhando na Mulvihill wakatoa Maangamizi mwaka 2001, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania tuzo za Oscar. Kisha George Tyson, kwa Girlfriend ya mwaka 2003, akaufungua mlango wa filamu za video, na mlangoni humo akapita kundi kubwa, akiwamo marehemu Steven Kanumba, mtoto wa jirani zetu Shinyanga. Amil Shivji naye, alipoitoa riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, katika vitabu na kuitia katika filamu mwaka 2021, alithibitisha kwamba zama zilizopita zaweza kurejeshwa na watu wa hapa hapa kwa Kiswahili cha hapa hapa. Lakini jicho la kamera kwa kawaida limekaa pwani, kwa sababu fedha, vyombo na waigizaji wako pwani. Na mtu atakaye kupiga picha Tabora hana budi kwanza kuwapakia wote hao katika treni au basi, na kuwalisha tangu wanaposhuka mpaka wanapopanda tena.

Hapo ndipo penye posho.

Neno hili limetembea katika njia hii muda mrefu kuliko reli. Mpagazi alipewa posho yake, kibaba cha nafaka kwa siku au kipande cha nguo cha kununulia chakula, na tajiri aliyeichelewesha aliamka alfajiri akakuta mizigo imelala chini na wenyewe hawapo. Watu hao waliitwa watoro, na vitabu vya wasafiri wa karne ile vimejaa malalamiko juu yao, bila ya kuuliza kama walikuwa wameshiba. Sisi tulikuwa na waigizaji sita kutoka Dar es Salaam na vijana 20 wa vijiji vya karibu waliokubali kuwa wapagazi kwa ujira mdogo. Siku ya kwanza walikuja wote 20. Siku ya tatu walikuja 13. Mwongozaji alighadhibika, akataka kuwasema kwa ukali. Nikamwomba anipe nafasi, nikawaendea mmoja mmoja, na jawabu lao lilikuwa moja: mwenye bodaboda hupata riziki yake kila jioni, na hapa wamekaa juani tangu asubuhi, wakipita mbele ya kamera mara mbili na kungoja saa nne, na chakula kimewafikia saa tisa. Hawakudai fedha zaidi. Walidai kula kwa wakati na kuambiwa ukweli wa saa ya kuondoka.

Tangu siku ile tuliwakabidhi jiko kina mama wawili wa mtaa wa pili, watu walioijua kazi ya kulisha misiba na harusi, na saa nne asubuhi kila mtu alipata chai na matobolwa na karanga, na saa saba ugali, maharage na mlenda. Idadi ikarudi 20, na siku moja ikafika 23. Nimewasikia watengenezaji wa filamu wakizungumza usiku kucha juu ya kamera, ipi ni bora na ipi ni duni, na sijakataa kuwa kamera ina haki yake. Lakini falau ningeulizwa ni wapi mtu mwenye shilingi chache aanze kuzitumia, ningesema katika sufuria, kisha katika maikrofoni, na kamera ndiyo ya tatu. Uso wa mtu mwenye njaa haufichiki, na hapana taa inayoweza kuusaidia.

Ama hongo, neno ambalo leo limeharibika na kuwa jina la rushwa, zamani lilikuwa ada ya halali anayotoa mwenye msafara kwa mtemi ili apitishwe katika nchi yake. Na mwenye filamu naye ana milango yake ya kupita, yote ya halali. Kuna kibali cha Bodi ya Filamu, ambayo asili yake ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Kuna ruhusa ya wenye kusimamia mambo ya kale, ukitaka kuingiza kamera katika tembe la Kwihara. Kuna serikali ya kijiji, na wazee wa mahali. Na kuna polisi, ambao ni vema wajue mapema kwamba watu wanaoonekana porini na magobori wameshika magobori ya mbao. Sina ugomvi na milango hii. Kijiji kina haki ya kujua ni nani anayepiga picha makaburi yake. Neno langu ni juu ya siku: ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilituweka siku sita kwa karatasi ambayo hatimaye ilisainiwa kwa dakika tano, na siku sita kwa kampuni kubwa ni hasara ndogo, lakini kwetu zilikuwa ni nusu ya unga wote.

Katika siku hizo za kungoja nilikwenda Kwihara peke yangu, nikakaa barazani pa lile tembe lililojengwa upya, lenye kuta nene na milango ya kuchongwa, ambalo leo ni makumbusho. Stanley alimwacha Livingstone mahali hapa mwezi wa Machi 1872, akashuka pwani kumtafutia wapagazi, na mzee yule akangoja Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai, mpaka watu wakafika mwezi wa Agosti, ndipo akaondoka kwenda safari ambayo hakurudi tena akiwa hai. Miezi mitano! Aliyetembea nusu ya Afrika alizuiwa na ukosefu wa watu wa kubeba mizigo. Nilirudi kambini nikamsimulia mwongozaji, naye akanyamaza kitambo, kisha akalichukua daftari lake akaandika tukio jipya, la wapagazi waliokaa barazani wakingoja tajiri apone homa, tukio lisilohitaji gari wala watu wengi, na kwangu mimi hilo limekuwa ndilo tukio zuri kupita yote katika filamu ile.

Sauti nimeitaja, na sina budi kuirudia. Mtu akisimama chini ya mwembe wa Tabora akafumba macho, atasikia ulimwengu wote wa leo: bodaboda, redio, honi ya lori, king'ora cha shule, na mashine ya kusaga ambayo mdundo wake unafika mbali kuliko macho. Picha ya nguzo ya umeme unaweza kuiepuka kwa kuisogeza kamera shibri moja. Mdundo wa mashine hauepukiki. Mwenye mashine alikuwa mtu muungwana, akakubali kuizima nusu saa, lakini nilipokwenda kumshukuru niliwakuta kina mama 11 wamekaa na ndoo zao za mahindi, wakingoja unga wa mchana ili sisi tupate maneno sita ya mwigizaji. Nilitahayari. Tulikubaliana na mwongozaji kwamba mazungumzo yote yahamishiwe alfajiri, kabla mashine haijawashwa, na kundi zima likawa linaamka saa kumi za usiku. Kazi ikawa ngumu zaidi kwetu, na ndivyo ilivyostahili, maana unga ni wao na filamu ni yetu.

Nyasi nazo zilitufundisha adabu. Mswada ulitaka msafara uonekane katika nyasi ndefu za dhahabu, nasi tulizipata, tukapiga nusu ya tukio. Fedha zikakatika, waigizaji wakarudi Dar es Salaam, na tuliporejea mwishoni mwa Agosti moto wa kiangazi ulikuwa umekwisha kupita, na pale palipokuwa na dhahabu pakawa na majivu na visiki. Mwenye mali angengoja mwaka wa pili. Sisi tuliandika upya, tukafanya kwamba vita vya Mirambo vimepita hapo na kuunguza nchi, na kwa kuwa vita hivyo vilikuwapo kweli baina yake na Waarabu wa Unyanyembe tangu mwaka 1871, majivu yetu yakawa na tarehe.

Katika mavazi, rafiki yetu mkubwa alikuwa soko la mitumba. Nalo ni neno la njia hii. Mtumba ulikuwa robota la nguo alilolibeba mpagazi kabla haujawa shati lililovaliwa na mtu mwingine ng'ambo. Tulinunua mashuka meupe, tukayachemsha katika majani ya chai, tukayakanyaga matopeni siku mbili, na yakatoka marekani iliyotembea. Pembe za ndovu zilichongwa kwa mti mwepesi na kupakwa chokaa, na kwa macho zilikuwa ni pembe. Lakini vijana walipozibeba walizibeba kama makuti, shingo zimenyooka, hatua nyepesi, na uwongo ukaonekana hata kwa mtoto. Pembe kubwa ya kweli ilikuwa na uzito wa frasila mbili na zaidi. Basi tukazitoboa, tukazijaza mchanga, si frasila mbili, maana hatukuwa na haki ya kuwaumiza, lakini uzito wa kutosha kuikumbusha miili yao. Na hapo hapo mwendo ukabadilika, kisigino kikaanza kuitafuta ardhi, na wale waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Kazi yangu ya maneno ilikuwa na vita vyake vidogo. Mwigizaji mmoja, hodari kwa kila jambo, hakuweza kumaliza sentensi bila ya “poa”, na mwingine aliuita msafara “trip” mara tatu. Niliwasomea kurasa za maisha ya Tippu Tip, alivyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili kile kikavu cha mfanyabiashara, ambamo vita, ndoa na bei ya pembe husimuliwa kwa sauti moja, na masikio yao yakaanza kuzoea. Lugha ya zamani haiigizwi kwa kupandisha maneno magumu. Huigizwa kwa kutokuwa na haraka.

Juu ya soko la filamu yenyewe nitasema machache, kwa kuwa habari zake zimekwisha kusemwa sana. Zamani za video, mtu wa Tabora alitazama filamu katika kibanda, kwa kiingilio kidogo, na filamu za kigeni zikisimuliwa kwa Kiswahili na mafundi kama marehemu Lufufu. Kisha zikaja santuri za DVD na wezi wa kazi za watu, zikaja stempu za kodi, sasa zimekuja simu. Filamu fupi ya nyakati za kale haina mnunuzi wa yakini popote pale. Ina tamasha la Zanzibar, ikikubaliwa. Ina ukumbi wa shule. Ina shuka jeupe lililotundikwa kijijini. Kila aliyekuwa pale alilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Siku ya nane ya awamu ya pili alikuja mzee mmoja na fimbo yake, akatuamkia, “Mwangaluka,” tukaitika, akakaa juu ya gogo. Aliutazama msafara ukipita mbele ya kamera mara tatu, mizigo vichwani, ngata zimekaa sawasawa, kirangozi mbele na bendera. Mwongozaji akamwendea.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hawa unaowapitisha hapa ni watu wa wapi?”

“Ni Wanyamwezi, babu. Wanarudi kwao.”

Mzee akanyamaza, akauchora mchanga kwa ncha ya fimbo. “Basi mbona wanabeba kama watu wa pwani?”

Akatueleza, bila ya kututahayarisha, kwamba babu yake alibeba begani. Kwamba mtumba ulifungwa kwa kamba baina ya vijiti virefu, ukalala begani mithili ya bunduki, na mtu akichoka aliuegemeza mtini umesimama, akapumzika bila ya kuinama, na akiondoka aliupokea kwa bega bila ya kuomba msaada wa mtu. Na kwamba kichwani walibeba watu wa pwani. Nami niliyeitwa kwa ajili ya maarifa nilikuwa nimesoma jambo hilo miaka mingi nyuma katika kitabu cha Burton, na sikulikumbuka.

Siku nne za kazi zilikuwa zimekwisha kupigwa hivyo. Zilizobaki zilikuwa siku mbili, na unga wa siku mbili. Mmoja wetu alitoa shauri la kuwageuza wapagazi wawe watu wa pwani, kwa sentensi moja tu ya mswada, na kwa hesabu lilikuwa shauri la busara. Mwongozaji alikwenda akakaa peke yake chini ya mwembe, hakula mchana ule, na aliporudi alisema tu kwamba hakutoka alikotoka ili aje kuwatengenezea watu wa kwao mabega ya wengine. Matukio ya msafara yangerudiwa yote, yasiyowezekana yangekatwa. Kina mama wa jikoni waliposikia walileta michembe kutoka majumbani mwao, debe zima, wala hawakutaka iandikwe katika daftari la madeni. Niliiandika.

Mzee alikuja alfajiri na fungu la vijiti alivyovikata mwenyewe. Alifunga mtumba wa kwanza, akatufunza kufunga wa pili, na katika pembe kubwa kuliko zote akafunga kengele ya ng'ombe, akisema ndivyo ilivyokuwa. Tulipiga picha siku nzima bila ya kukaa. Jua lilipoinama, mwanga ule mwekundu wa kiangazi ukapenya vumbi, na kwa tukio la mwisho wale vijana 20 wakafika chini ya mwembe, wakaiegemeza mizigo yao shinani mmoja baada ya mwingine, imesimama, nao wakasimama kando yake, mikono mitupu, wakitazama upande wa nyumbani. Betri ilikuwa imebakiza dakika chache. Fundi wa sauti akainua mkono kutuzuia. Alikuwa amesikia kabla yetu, kwa mbali, treni ya Kigoma ikiondoka stesheni. Mwongozaji akaizima kamera ili kuiokoa betri. Hapana aliyeondoka mahali pake. Mzee, kwenye gogo lake, akawaonyesha vijana kwa kidole midomoni wakae kimya, na tukangoja treni ipite.